Mama ana sukari na figo, kipimo cha si-peptaidi kimekuja juu sana. Kongosho limeamka au?

Binti_wa_Mabawa

Habarini za jioni wakuu, naombeni mwenye uelewa anisaidie maana nyumbani kwetu siku hizi hatulali. Mama yangu ana miaka 61, sukari anayo tangu mi nasoma sekondari, presha nayo ikafuata, mwaka jana wakatuambia figo zimeanza kuchoka. Mkojo unatoa povu, jioni miguu inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Anachoma insulini ya Mixtard uniti 24 asubuhi na 16 jioni, anakunywa losatani na amlodipini za presha, na vidonge vya damu.

Sa shida iko hivi. Zamani sukari yake ilikuwa haikamatiki, 14, 15, siku ya sherehe inafika mpaka 19. Miezi hii ya karibuni inashuka yenyewe, dozi ile ile, chakula kile kile, tena inapenda kushuka usiku. Juzi saa tisa usiku nikashtuka namsikia anaongea maneno hayaeleweki, kumgusa shuka lote limelowa jasho, namwita ananitazama tu kama hanijui, nikakimbilia mashine kumpima inasoma 2.4. Nikamkorogea sukari kwenye kikombe nikawa namnywesha kidogo kidogo huku namshika kidevu, akaja kupata akili ananiuliza mbona taa imewashwa.

Tukampeleka kupima. Kreatinini (uchafu unaotolewa na figo) 200, eGFR (uwezo wa figo kuchuja) 24, HB ya wingi wa damu 8.9, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu 6.1. Alafu wakaongeza kipimo kinaitwa si-peptaidi, imekuja 7.8 na pembeni kuna herufi H, kwenye karatasi kawaida imeandikwa 1.1 mpaka 4.4. Kaka yangu mkubwa ameichukua hiyo karatasi akampelekea mzee mmoja anayeuza dawa za asili, karudi anasema mzee kamwambia hicho ndo kipimo cha kongosho, na kwa vile kiko juu ina maana kongosho limeamka, mama anatengeneza insulini yake mwenyewe tele, kwahiyo hii ya kuchoma ndo inayomwangusha usiku na inatakiwa isimame leo leo. Na ukiangalia kweli sukari inashuka, ile ya miezi mitatu imekuwa nzuri kuliko miaka yote. Kaka ndo anayelisha nyumba, neno lake ni zito, na mama mwenyewe kafurahi kusikia sindano zinaisha.

Mi roho yangu haikubali ila sina cha kujibu. Je ni kweli?

---

Mkwezi_Nazi

Dada kaka yako ana hoja. Mjomba wangu sukari ilivyoanza kushuka tukaacha sindano, leo anatumia vidonge tu na yuko fresh. Mwili unajirudi jamani. Msikilizeni mwili.

---

Mtu_wa_Maabara

Dada pole sana na mkesha huo. Mi niko maabara, hiki kipimo hatukitoi kila siku ila nakifahamu vizuri. Kwanza kabisa msisimamishe insulini kwa sababu ya hiyo karatasi, hilo lishike alafu nikueleze kwanini.

Kongosho halitoi insulini ikiwa insulini. Linaanza na kitu kirefu kinaitwa proinsulini (aliyeigundua ni Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1967), alafu humo humo ndani ya seli kinakatwa, inatoka insulini na kinabaki kipande kilichokuwa katikati, ndo hicho si-peptaidi, mnyororo wa amino asidi 31. Vinaingia kwenye damu pamoja na kwa idadi sawa, insulini moja si-peptaidi moja. Na insulini ya chupa haina hicho kipande. Ndo maana kipimo hiki kina thamani kwa mtu anayechoma sindano, ukipima insulini yenyewe unachanganya ya kwake na ya dukani, ukipima si-peptaidi unaona ya kongosho lake peke yake. Mpaka hapo mzee wa dawa yuko sawa.

Alipopotea ni hapa. Hivi vitu viwili vinatoka pamoja ila haviondoki pamoja. Insulini ikitoka kwenye kongosho inapita kwanza kwenye ini, na ini linakamata kama nusu yake papo hapo, inayobaki inaisha nguvu haraka, nusu yake inapotea ndani ya dakika chache tu. Si-peptaidi ini haliigusi. Inazunguka kwenye damu, nusu yake inachukua kama nusu saa kuondoka, na mwenye kazi kubwa ya kuiondoa ni FIGO. Sasa mama figo zake ziko eGFR 24. Karo la jikoni likiziba maji yanajaa hata kama bomba limefunguliwa vile vile kama jana, na huwezi kuangalia maji kwenye karo ukasema leo bomba linatoa zaidi.

Hiyo 1.1 mpaka 4.4 imepatikana kwa watu wenye figo nzima. Herufi H inawekwa na mashine kwa kulinganisha namba na namba, mashine haijui kreatinini ya mama.

Simaanishi kongosho lake halitoi kitu, hapana. Ukibadilisha hiyo 7.8 kwenda kipimo kingine ni kama nanomoli 2.6 kwa lita. Wataalamu wa sukari wanatumia mipaka ya 0.2 na 0.6, chini ya 0.2 wanasema kongosho limekwisha huyo ni wa taipu wani au aliyefanana naye, juu ya 0.6 ni taipu tuu. Mama yuko taipu tuu, bado ana kongosho linalofanya kazi kiasi fulani, na hilo pengine mlikuwa mnalijua miaka yote. Ila KIASI GANI huwezi kukisoma hapo. Kwa mgonjwa wa figo si-peptaidi ikija chini sana iamini, ikija juu iulize maswali.

Na mi nauliza sasa: alikuwa hajala? Walipima sukari muda ule ule damu inatoka? Damu ilikaa muda gani kabla ya kuingia kwenye mashine? Na kuna mtu anampa mama vidonge vya nywele na kucha, vile vyenye bayotini?

---

Binti_wa_Mabawa

Asante sana kaka, hata kama sijaelewa yote karo nimelielewa 🙏

Alikuwa kashakula, alikunywa chai ya maziwa na maandazi mawili asubuhi ndo tukaondoka, damu wamechukua kwenye saa tano hivi. Sukari siku hiyo hawakuipima, nimeangalia karatasi zote haipo. Damu ilikaa muda gani sijui. Vidonge vya nywele hatumii.

---

Mtu_wa_Maabara

Basi unaona. Hiyo 1.1 mpaka 4.4 ni ya mtu aliyelala na njaa, na mama kachukuliwa damu akiwa na chai na maandazi tumboni. Mtu yeyote akishakula kongosho linasukuma, si-peptaidi inapanda mara kadhaa, ni kawaida kabisa. Kwahiyo umepata sababu mbili za namba kuwa juu, figo na chakula, na hakuna hata moja inayosema kongosho limeamka.

Na kukosa sukari ya muda ule ule ni pengo kubwa. Si-peptaidi peke yake ni nusu ya habari, kwasababu kongosho linatoa kulingana na sukari iliyopo. Juu wakati sukari iko 15 ina maana yake, juu wakati sukari iko 3 ina maana nyingine kabisa, hiyo ya pili daktari anatakiwa aiangalie kwa jicho kali.

Bayotini nimeuliza maana kwenye baadhi ya mashine inaharibu majibu, si-peptaidi inasomeka chini kuliko ilivyo. Kwa mama ingekuwa inashusha, sio kupandisha, kwahiyo tuiache. Na damu ikikaa kwenye joto bila kutenganishwa si-peptaidi inavunjika, nayo inashusha. Wakirudia waombe itoke kwenye kichupa cha EDTA, kile cha kifuniko cha zambarau, humo inavumilia hata siku nzima bila friji.

---

Tabibu_Kisukari

Binti, pole kwa mama na hongera kwa kutomkurupukia. Niko kliniki ya sukari, siwezi kukupangia dozi humu maana mama sijamuona, lakini kuna mambo nataka uyajue kabla ya kesho.

Mwenzangu wa maabara kaeleza kwanini kipimo kiko juu. Nami nieleze kwanini sukari inashuka, maana chanzo ni kile kile. Figo haziondoi si-peptaidi tu, zinaondoa na insulini pia. Ile ya kongosho ini linaiwahi, lakini ya kuchoma inaingia chini ya ngozi na kwenda kwenye damu bila kuanzia kwenye ini, kwahiyo mzigo unaoangukia figo ni mkubwa zaidi. Figo zikichoka uniti 16 za jioni zinafanya kazi ya uniti nyingi zaidi na kwa saa nyingi zaidi, ile ya saa kumi na mbili jioni saa tisa usiku bado ipo. Halafu figo nzima nayo huwa inatengeneza sukari mtu akiwa na njaa, inasaidiana na ini, na hiyo kazi nayo inapungua. Ongeza kwamba wagonjwa wa figo wanakosa hamu ya kula, sahani inarudi nusu na watu wa nyumbani hawaoni. Matokeo ndo hayo uliyoyaona usiku.

Kwahiyo kaka yako amekosea na amepatia kidogo kwa wakati mmoja. Kapatia kwamba insulini ya sasa ni nyingi kwa mama. Kakosea kwamba iachwe. Inatakiwa ipunguzwe, na daktari aliyemuona, na sio mwezi ujao. Mgonjwa aliyefika 2.4 akapoteza ufahamu hasubiri tarehe ya kliniki, kesho asubuhi mpelekeni. Mkiiacha yote sukari itapanda taratibu, wiki ya kwanza mtasema tumepona, wiki ya pili kiu, mkojo, udhaifu, akipata na homa juu yake mnaweza kumkimbiza na sukari isiyosomeka kwenye mashine, na figo zilizobaki ndo zinaumia zaidi.

Hiyo 6.1 nayo msiishangilie. Kile kipimo kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, kinategemea chembe ziishi miezi yake mitatu mpaka minne. Mgonjwa wa figo chembe zake zinaishi muda mfupi, HB ya mama ni 8.9, na akishaongezewa damu au akianzishiwa sindano za kuongeza damu ndo kabisa kipimo kinasoma chini ya ukweli. Alafu mtu anayepanda 14 mchana na kushuka 2.4 usiku wastani wake unaweza kuonekana mzuri. Kwa mama amini mashine ya kidole, pima kabla ya kula, kabla ya kulala, na kwa siku hizi chache mpime na saa tisa usiku, uandike kwenye daftari.

Akishuka tena akiwa anaweza kumeza: sukari vijiko vya chai vitatu vinne kwenye maji au soda ya kawaida yenye sukari, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini ya 4 rudia, ikipanda mpe chakula. Juisi ya machungwa na ndizi waachie wengine, zina potasiamu nyingi na figo za mama haziihimili vizuri. Akiwa hawezi kumeza au kazimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu, mlaze ubavu na mumkimbize hospitali.

Sasa swali langu, na naomba jibu la kweli: mama anatumia hiyo dawa ya asili? Tangu lini?

---

Binti_wa_Mabawa

Daktari umenishtua. Ndiyo anatumia, ni unga wa kahawia kwenye kopo la plastiki halina maandishi zaidi ya namba ya simu, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Kaka alianza kumletea baada ya Idd. Sasa nikikumbuka na kuanguka kwa sukari kulianza humo humo. Ina uhusiano??

---

Tabibu_Kisukari

Inawezekana, na inawezekana isiwe. Simtuhumu mzee wa watu, unga sijauona. Ila nikueleze kwanini nimeuliza.

Kuna vidonge vya sukari vya kundi la glibenklamidi, wengi wanavijua kwa jina la Daonil. Kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, na kongosho likitoa insulini linatoa na si-peptaidi, si mnakumbuka sawa kwa sawa. Kwahiyo mtu aliyemeza glibenklamidi anakuwa na sukari iliyoshuka NA si-peptaidi iliyopanda. Kwenye figo zilizochoka hiyo dawa na mabaki yake yanakaa mwilini muda mrefu, inaweza kumshusha mtu, mkampandisha, na baada ya saa kadhaa akashuka tena. Ndo maana mwenye figo za eGFR 24 hatumpi kabisa.

Na dawa zinazoitwa za asili zimewahi kukutwa na hiyo kitu ndani. Singapore mwaka 2008 watu zaidi ya mia walifikishwa hospitali wakiwa wameshuka sukari, wengi hata hawakuwa na kisukari, walikuwa wametumia dawa za nguvu za kiume za mitaani, kupima wakakuta glibenklamidi, na watu wanne walikufa. Sio jambo la kufikirika.

Kesho nenda na kopo lenyewe na unga uliobaki. Mwambieni daktari wazi, asiwepo mtu wa kuona aibu. Kuanzia usiku huu mama asipewe huo unga. Na mwambie kaka kwa heshima kwamba kama unga hauna kitu, kuusimamisha siku chache hakutamdhuru mama.

Kama kuna metformini ndani ya nyumba nayo chini ya 30 haitumiki. Na zile diklofenaki za maumivu ya magoti ambazo kila mama anazo kwenye mkoba, hizo ni adui wa figo.

---

Mzee_wa_Likoni

Salaam aleikum dada yangu wa Tanga, mimi niko Mombasa, nimesoma hapa nikamkumbuka marehemu babangu. Yeye alikuwa achoma insulini asubuhi na jioni miaka mingi, alipoanza kuoshwa damu sukari ikawa yateremka yenyewe, dozi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mwisho akabaki na kidogo mno. Jamaa wakija kumtazama wasema alhamdulillah mzee sukari imekwisha. Daktari akatukalisha akatwambia haikwisha, ni figo zimeacha kuiosha insulini, hali hii waijua wao na haina uhusiano na kupona. Tulilia siku hiyo kwa sababu sote tulikuwa tumeshaamini.

Nilitaka kuuliza nami. Babangu alipimwa kipimo cha moyo, kile cha BNP, kikaja juu mno, wakasema moyo wafeli, kisha bingwa mwengine akasema figo ndizo zakipandisha. Je ni mambo yale yale?

---

Mtu_wa_Maabara

Mzee wangu Mungu amrehemu baba. Ndio, ni familia moja ya mambo. Damu ina homoni ndogondogo nyingi za peptaidi ambazo figo ndo zinazimaliza kazi, figo zikifeli zinarundikana. Hiyo BNP, hasa pacha wake anayeitwa NT-proBNP, inatoka kwenye misuli ya moyo ukivutwa na maji mengi, na inategemea sana figo kuondoka, kwahiyo kwa mgonjwa wa figo inakaa juu hata siku moyo umetulia. Gastrini ya tumbo nayo hivyo hivyo. Ila kwa moyo kuna ugumu, maana mgonjwa wa figo mara nyingi moyo wake nao kweli una mzigo, maji yamejaa, presha iko juu, kwahiyo namba inakuwa na ukweli ndani yake na nyongeza ya figo juu yake. Ndo maana anapigwa eko (picha ya moyo), haiishii kwenye damu.

Sio kila homoni inayopanda ni ya kurundikana lakini. Ile ya tezi ndogo za shingoni, PTH, inapanda kwasababu mwili unaiita, fosfeti zimejaa na vitamini D haitengenezwi vizuri, tezi inalazimishwa kufanya kazi. Kwahiyo kila namba inaulizwa peke yake: inatengenezwa zaidi, au inaondoka kidogo?

---

Nuru_Famasi

Naomba nichangie kidogo kwa upande wa dawa maana najua kuna mtu atakuja kuuza. Miaka mingi si-peptaidi ilionekana takataka tu ya kutengeneza insulini. Baadae kuna kundi la watafiti pale Karolinska Stockholm, John Wahren na wenzake, wakaanza kuwapa wagonjwa wa taipu wani ambao hawana kabisa si-peptaidi yao, na kwenye majaribio madogo wakaona ile hali ya figo kuchuja kupita kiasi inapungua na protini kwenye mkojo inapungua. Ikaonekana nayo ni homoni kamili. Watu wakawa na matumaini makubwa, mimi mwenyewe naona ni wazo zuri sana la kisayansi. Lakini ilipotengenezwa inayokaa mwilini muda mrefu wakaijaribu mwaka mzima kwa wagonjwa wa taipu wani wenye mishipa ya fahamu iliyoharibika, kwenye kile kipimo kikuu cha kasi ya mishipa haikuishinda sindano feki. Mpaka leo haijawa dawa. Na mama yetu hapa ni taipu tuu, anayo tayari na imezidi. Kwahiyo akija mtu na kopo la "kuongeza si-peptaidi", mfungieni geti.

Peptaidi ambayo imefanya kitu cha maana kwenye figo za kisukari ni ya kundi la GLP-1, homoni ya utumbo. Utafiti wa FLOW uliotoka 2024, wagonjwa 3,533 wa taipu tuu wenye ugonjwa wa figo, waliochoma semaglutaidi, dawa ya kundi hilo, miligramu 1 kwa wiki walipata matukio makubwa ya figo pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliochoma feki. Hiyo ni kubwa.

---

Binti_wa_Mabawa

Hiyo mama anaweza kupata? Samahanini kwa maswali mengi.

---

Tabibu_Kisukari

Uliza tu, ndo kazi yetu. Semaglutaidi ni nzuri lakini bei yake nyumba nyingi haziwezi, na kwa mgonjwa ambaye hamu ya kula imeshapungua inaleta kichefuchefu na kupunguza zaidi, kwahiyo ni mazungumzo ya baadae na daktari wake. Ulizeni kwanza kuhusu vidonge vya kundi la SGLT2 (vinavyotoa sukari kupitia mkojo), dapagliflozini au empagliflozini. Hivyo vimeonyesha kulinda figo, na mwongozo wa kimataifa wa figo unaruhusu kuvianza eGFR ikiwa 20 au zaidi. Mama ana 24. Hakuna muda mwingi wa kupoteza hapo, akishuka chini ya 20 nafasi ya kuanza inakuwa imepita. Havishushi sukari sana kwa figo za kiwango hicho, vinalinda figo na moyo. Aelezwe usafi wa sehemu za siri maana vinaleta fangasi, na siku akitapika au kuharisha au asipokula avisimamishe.

Na ombeni kipimo cha albumini (protini) kwenye mkojo, ile ya kulinganisha na kreatinini. Hujaitaja kabisa na ni muhimu kuliko hiyo si-peptaidi iliyowagombanisha. Kwa sukari ya miaka yote hii na mkojo wa povu naamini iko zaidi ya 300. Losatani anakunywa miligramu ngapi? Wengi wanaachwa kwenye dozi ndogo ya kuanzia miaka na miaka. Ila kupandisha ni mpaka potasiamu ipimwe.

---

Mkwezi_Nazi

Daktari mjomba wangu hana shida ya figo, ndo maana yeye yuko salama au?

---

Tabibu_Kisukari

Ndiyo, kuna watu wa taipu tuu wanaopungua uzito, wanabadilisha chakula, na kweli insulini inaondoka wakabaki na vidonge au bila kitu. Wengine waliwekewa insulini mwanzoni kwasababu sukari ilikuwa juu sana, kongosho likishapumzika linarudi. Hao figo zao ni nzima na sukari ikishuka ina sababu nzuri. Mjomba apime kreatinini na mkojo kila mwaka hata hivyo.

---

Binti_wa_Mabawa

Wakuu narudi na majibu. Asubuhi ile ile tulienda, kaka mwenyewe ndo aliendesha baada ya kumsomea simu yangu kuanzia juu mpaka chini, alinyamaza muda mrefu alafu akasema twende. Wamemlaza siku mbili kumwangalia kwa ajili ya huo unga, dripu ya sukari, wanapima kila baada ya saa kadhaa. Daktari alikasirika kwanini hatukuja usiku ule ule. Kopo kalichukua.

Insulini wamepunguza, asubuhi imekuwa 16 na jioni 8, wamesema wataangalia daftari alafu wabadilishe tena. Unga umesimama. Tangu arudi nyumbani usiku hajashuka chini ya 6, mchana inagonga 11, 12, daktari kasema kwa umri wake na figo hizo ni bora iwe hapo kuliko kuanguka. Albumini ya mkojo imekuja 840. Potasiamu 5.1 kwahiyo losatani wameiacha kwanza ilivyo, tumepewa rufaa kwa bingwa wa figo na dapagliflozini wamesema yeye ndo ataamua. Si-peptaidi wamesema hawana haja ya kuirudia, haibadilishi chochote kwa sasa.

Mama kanuna kidogo kuhusu sindano ila anakula.

Nina swali moja la mwisho. Kwa mwaka mwingine Ramadhani ikifika, mama hajawahi kuacha kufunga hata mwaka mmoja na ameshaanza kunitajia.

---

Tabibu_Kisukari

Safi sana, na mpe kaka salamu zangu.

Kuhusu mfungo, figo za kiwango hicho pamoja na insulini pamoja na historia ya kushuka mpaka kupoteza ufahamu ni hatari kubwa, kitabibu hatushauri afunge. Mlete kwenye kliniki kama mwezi mmoja na nusu kabla, aje na mtu anayemheshimu kwenye dini azungumze naye palepale. Mara nyingi wakisikia kwa sheikh kwamba mgonjwa wa kudumu ana fidia ya kulisha masikini wanatulia kuliko wakisikia kwa daktari.

---

Mzee_wa_Likoni

Kweli kabisa. Babangu alikubali aliposemezwa na imamu wa mtaa, akawa ndiye ampimiaye mchele wa fidia kwa mkono wake kila siku alasiri.

---

Binti_wa_Mabawa

Nitafanya hivyo inshaallah. Sasa kinachonisumbua ni stripu, kupima mara nne kwa siku kopo la 50 halifiki hata wiki mbili. Mwenye kujua Tanga mjini wapi zinapatikana kwa bei ya afadhali, za mashine ya kawaida, aniambie.